Kwa nini protini zilizooksidishwa huongezeka uzeeni?

Mdadisi: Ndugu zangu, nadharia ya mwanasayansi Denham Harman ya mwaka 1956 inasema kwamba mwili huzeeka kwa kushambuliwa na radikali huru (molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzi, hivyo hudhuru zilizo jirani), ambazo seli huzizalisha zenyewe zinapotumia oksijeni. Naomba kueleweshwa kuhusu protini: zinaharibikaje, na kwa kuwa mwili huzitengeneza upya kila siku, kwa nini zilizoharibika zirundikane?

Mwanamaabara: Radikali huru, hasa zinapotokea karibu na ioni za chuma au shaba zilizojishikiza kwenye protini, huziwekea asidi amino (viungo vinavyojenga protini) kama laisini, ajinini na prolini vikundi vya kabonili, yaani kaboni iliyoungana na oksijeni, na seli haina njia ya kuviondoa. (Methionini ina bahati: ikioksidishwa, kipo kimeng'enya maalumu cha kuirejesha.) Protini ya namna hiyo hupoteza umbo na kazi yake, hivyo inabaki kuvunjwavunjwa na protiasomu, mtambo wa seli wa kuvunja protini. Maabara ya Earl Stadtman nchini Marekani ilionyesha katika miaka ya 1980 kwamba kabonili huongezeka katika seli za binadamu kadiri umri unavyosonga.

Mrundikano unatokana kwa sehemu kubwa na usafishaji kudhoofika. Utendaji wa protiasomu hupungua katika tishu nyingi za wazee, na protini zilizoharibika mno hushikamana kuwa mabonge yasiyovunjika, ambayo huizuia protiasomu yenyewe. Tena si kila protini hufanywa upya: zile za kiini cha lenzi ya jicho tunazaliwa nazo na kufa nazo, na kuoksidishwa kwake ni miongoni mwa visababishi vya mtoto wa jicho.

Msomaji Makini: Maelezo mazuri, ila kuongezeka pamoja na umri hakuthibitishi kusababisha uzee. Fuko asiye na manyoya, mnyama mdogo wa jamii ya panya, huweza kuishi zaidi ya miaka 30, ilhali tishu zake zina uharibifu mwingi wa oksidisheni tangu ujanani.

Mdadisi: Nashukuru. Je, vidonge vya kuzuia oksidisheni vinasaidia?

Msomaji Makini: Kwa ushahidi uliopo, sivipendekezi. Katika utafiti wa Ufini uliochapishwa mwaka 1994, wavutaji sigara waliopewa beta-karotini, mojawapo ya vizuia oksidisheni hivyo, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiopewa. Kwa maoni yangu, hoja ya Mwanamaabara kuhusu usafishaji ndiyo inayostahili kufuatiliwa zaidi.