Nyumba Kuu Mkomani (watu 34)

*Jumatatu*

Mwanaidi: Assalaam aleikum jamaa. Kupamba bibi harusi ni Alhamisi na kinanda cha Ami kinakwaruza. Nimekitoa, nimekipangusa, nimekiwasha, sauti kama mtu anakaanga bajia. Nani anayajua haya?

Mwanaidi: Nawaona mnasoma. Alama za buluu zimejaa.

Omari: Bajia za dengu ama kunde?

Mwanaidi: Omari nitakutoa humu.

Salma: Waalaikum salaam. Twalib ndiye fundi, mngoje atoke kazini.

Twalib: Nimetoka. Dada, kinakwaruza kwenye spika zake chenyewe ama kwenye amplifaya?

Mwanaidi: Zake. Kwenye amplifaya kinavuma tu mmmmm. Na nikibonyeza besi kinazima, halafu kinajiwasha.

Twalib: Hiyo ni njaa. Soma adapta, volti ngapi?

Mwanaidi: 📷

Twalib: Volti 9, nusu ampea. Hii ya ruta! Kinanda kile kinataka 12. Besi inavuta moto mwingi, adapta inaishiwa. Yake iko wapi?

Mwanaidi: Muulize Athmani.

Salma: 🙈

Athmani: Mimi tena? Mambo ya Faza hamjayazika? Nilirudisha kila kitu kwenye mfuko wa kaki.

Mwanaidi: Mfuko ulirudi na mguu mmoja wa stendi.

Omari: Basi Alhamisi kinanda kimuegemee Athmani 😂

Athmani: Niliwaleta na wapigaji kwa boti, mafuta yangu. Hilo halisemwi.

Twalib: Jamani. Mkipata nyingine msiangalie 12 tu. Pana kimchoro cha duara na nukta katikati, mmoja uko kwenye adapta na mmoja nyuma ya kinanda. Kasoro na jumlisha zikipishana mtakiunguza. Ampea zisipungue zilizoandikwa. Na huo mvumo, jaribuni kuchomeka amplifaya na kinanda soketi moja, ukiendelea badilisheni waya.

*Jumanne*

Mwanaidi: Nimeazima adapta kwa jirani, 12, mchoro umelingana. Mkwaruzo umekwisha alhamdulillah. Mvumo bado kidogo. Lakini pana jipya: vibonye viwili sauti yake iko chini. Mtoto wa Salma akipiga, akifika hapo ni kama amekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Twalib: Viwili tu, ama viwili kila safu?

Mwanaidi: Kila safu. Cheupe cha tatu na cha saba.

Twalib: Mi na Si. Basi si ubovu, mpira wa chini ukiingia chumvi huharibika kibonye kimoja kimoja. Hapa mtu amebadilisha. Kizime, shika cheupe cha mwisho mkono wa kulia, ukiwashe hukukiachia. Kitarudi kama kilivyotoka dukani.

Mwanaidi: Nafanya sasa hivi

Bibi Zena: 🎤 0:41

Salma: Kwa walio kazini, Bibi asema: Mwanaidi, ondoa kidole. Hiyo ni Rasti. Mwanangu aliiteremsha mwenyewe usiku wa mwisho aliopiga, nami nilikuwa nimekaa ubavuni kwake. Kinanda ni kizima, mashikio yenu ndiyo mabovu. Babu yenu alipiga kibangala, na kibangala hakikuwa na kibonye cha kufuta mtu.

Twalib: Nisamehe Bibi. Ni kweli, Rasti ni ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu, hushusha Mi na Si robo toni. Kwenye skrini itaandika -50.

Mwanaidi: Sikukiwasha. Nimekiweka chini.

Salma: 😢

*Jumatano*

Mwanaidi: Bibi, heshima zako. Lakini kijana wa Alhamisi anapiga nyimbo za kisasa, na Mi ile itatuaibisha mbele ya wakwe.

Twalib: Si lazima kufuta. Fungua ukurasa wa skeli, upige picha, uhifadhi kwenye flashi, halafu urudishe sifuri kwa usiku mmoja. Baadaye tunamrudishia Ami yake.

Bibi Zena: 🎤 0:04

Salma: Asema: Nimeshasema.

Omari: Kijana ajifunze Rasti kufikia kesho 😅

Omari: *Ujumbe huu umefutwa*

Mwanaidi: Nitakwenda kuzungumza naye baada ya Alasiri. Salma tufuatane. Athmani, adapta ya watu inarudi leo magharibi, nataka jibu.

Athmani: Natafuta.

Mwanaidi: Wapi?

Ami Bakari (Jeddah): Waalaikum salaam wanangu. Ndiyo kwanza naona. Kinanda kina nini?