Mteja aliridhia picha ya sebule, kisha akailalamikia sebule yenyewe: tatizo liko wapi?

Mstari_Wima

Ndugu zangu,

Kazi yangu ni kutengeneza picha za mwonekano wa majengo na vyumba kabla havijajengwa. Modeli naijenga kwenye SketchUp, kisha naihamishia Blender, programu ya picha za 3D, na kuirenda, yaani kuikokotoa kuwa picha, kwa Cycles, injini ya Blender inayofuata mwanga. Picha za nje hazinisumbui. Za ndani ndizo zilizonifanya niandike.

Hivi karibuni mteja aliridhia picha ya sebule yake bila pingamizi lolote, lakini sebule ilipokamilika akalalamika kwamba ni finyu na ina giza kuliko ile aliyoonyeshwa. Vipimo vya modeli vililingana na vya ramani, na fundi alijenga kwa kuifuata ramani hiyohiyo. Zaidi ya hilo, kabla ya kuifikia picha aliyoiridhia tulizunguka sana: leo rangi ya ukuta, kesho kitambaa cha makochi, halafu, picha ikiwa imeshakamilika, anataka dirisha lihamishwe. Naomba wenye uzoefu mnieleze tofauti ya picha na chumba hutokana na nini, na kazi ya namna hii ipangwe vipi ili mteja aamue mambo makubwa mapema.

Fundi_Nuru

Ndugu Mstari_Wima, ikiwa vipimo ni sahihi, anza kuchunguza lenzi ya kamera. Kamera ya Blender huanza na kihisi (sehemu inayopokea picha) chenye upana wa milimita 36, na kwa kihisi hicho lenzi ya milimita 18 huona pembe ya nyuzi 90 kwa mlalo, ilhali ya milimita 35 huona takriban nyuzi 54 tu. Wengi huchagua 18 au hata chini ya hapo ili kuta tatu na dari vionekane kwa pamoja. Matokeo yake ni kwamba ukuta wa mbele husogea mbali, kochi lililo karibu na kamera hurefuka, na chumba cha mita nne hufanana na ukumbi. Mimi hubaki kati ya milimita 24 na 28. Nafasi isipotosha, nairudisha kamera nyuma ya ukuta na kuuficha ukuta huo, lakini namweleza mteja waziwazi kwamba hakuna mtu atakayeweza kusimama hapo. Kimo cha kamera kiwe kati ya mita 1.2 na 1.5, nayo itazame mbele bila kuinama. Ukihitaji kuonyesha dari zaidi, sogeza lenzi kwa wima badala ya kuiinua kamera, ili mistari ya kuta isilale.

Kuhusu giza, fungua faili lako uhesabu taa ambazo hazimo kwenye mchoro wa umeme. Ni desturi iliyoenea kutandaza taa pana zisizoonekana chini ya dari au nje ya dirisha ili chumba kijae mwanga, na mteja huipenda picha hiyo kwa sababu hajui kwamba anatazama mwanga ambao hatauwasha kamwe. Zizime zote. Weka taa zilizopangwa kununuliwa, kila moja na lumeni zake (kiasi cha mwanga inaotoa) na joto lake la rangi, yaani Kelvini 2700 hadi 3000 kwa mwanga wa manjano na takriban 4000 kwa mweupe wa kawaida. Watengenezaji wengi wa taa hutoa faili za IES zinazoeleza jinsi mwanga unavyotawanyika kutoka kwenye taa husika, na Cycles inazisoma. Picha ikibaki na giza baada ya hapo, sebule itakuwa na giza, na hiyo ni taarifa ambayo mteja na msanifu wanapaswa kuipata wakati taa bado zinaweza kuongezwa kwa kubadilisha mchoro tu.

Jambo jingine linalosahaulika ni weupe wa kuta. Rangi nyeupe nzuri huakisi takriban asilimia 80 ya mwanga unaoifikia, lakini wengi huiwekea thamani ya 1.0, yaani ukuta usiomeza mwanga hata kidogo. Mwanga huruka kutoka ukuta hadi ukuta bila kufifia, vivuli vya kwenye pembe hutoweka, na chumba hung'aa kwa namna isiyowezekana. Shuka hadi 0.8 au chini yake, utaona chumba kikipata uzito.

Mpanga_Hatua

Ndugu Fundi_Nuru amegusa kiini cha swali la kwanza, nami nitajibu la pili. Mzunguko unaousimulia unatokea kwa sababu mteja anapewa kila kitu kwa wakati mmoja, na jicho la mtu asiye wa fani huvutwa kwanza na rangi. Atajadili mto wa kochi kwa saa nzima ilhali dirisha liko mahali asipolitaka, na hatalitambua hilo hadi mito imalizike.

Kwa hiyo mimi humpelekea kwanza modeli ya kijivu tupu, bila teksicha (picha za nyuso kama kigae au kitambaa) wala rangi, samani zikiwa visanduku vyenye vipimo halisi, pamoja na kamera zote zitakazotumika. Hapo panaamuliwa madirisha, milango, urefu wa dari, njia ya kupita kati ya meza na kabati, na pembe za picha. Mteja akikubali kwa maandishi, ndipo ninapoweka mwanga, na rangi, vigae na vitambaa huja mwisho. Makubaliano yetu ya awali hutaja idadi ya marekebisho kwa kila hatua na kusema wazi kwamba kurudi kwenye hatua iliyokwisha kuridhiwa ni kazi mpya yenye malipo yake. Sijawahi kuona mteja mwenye nia njema akilikataa sharti hilo anapolielezwa mwanzoni. Linaloudhi ni kulisikia katikati ya kazi.

Nafasi_na_Rangi

Nakubaliana na hatua hizo, isipokuwa moja. Wateja wengi hawawezi kuisoma picha ya kijivu iliyosimama. Wanaitikia kwa adabu tu, na pingamizi lao la kweli huja baadaye. Afadhali modeli hiyo ya kijivu uitembeze mbele yao kwa programu inayochora picha papo hapo kadiri unavyotembea, iwe Enscape, Twinmotion, Lumion, au Eevee iliyomo ndani ya Blender yenyewe. Mtu akiingia mlangoni na kugeuka mwenyewe kulitazama dirisha, atasema alilonalo siku hiyohiyo. Cycles ibaki kwa ajili ya picha za mwisho, ambapo mwanga unaoruka kutoka kitu hadi kitu unahitaji hesabu kamili.

Naongeza suala la rangi, kwa kuwa nahisi ndilo lalamiko litakalofuata. Blender toleo la 4.0, lililotoka mwaka 2023, lilianza kutumia AgX kama njia yake ya kawaida ya kugeuza mwanga uliokokotolewa kuwa picha ya skrini, na kabla yake ilikuwa Filmic. Zote mbili hufifisha rangi zilizokolea ili sehemu zenye mwanga mkali zisiungue. Maana yake ni kwamba ukinakili thamani ya rangi kutoka kwenye katalogi ya kampuni ya rangi, picha haitatoa thamani hiyo, na skrini ya mteja itaigeuza tena kwa namna yake. Usimruhusu mteja achague rangi kwenye picha. Picha imwonyeshe rangi mbili zinavyokaa pamoja na mwanga unavyozibadilisha. Uchaguzi wenyewe ufanywe kwa kipande halisi cha kigae, kitambaa au mbao iliyopakwa, kikiwa mkononi.

Kwa mabadiliko madogo ya mwisho, hifadhi picha kama EXR, aina ya faili inayobeba tabaka nyingi, yenye tabaka za Cryptomatte, ambazo hukuwezesha kuchagua kochi peke yake na kulibadilisha rangi bila kurenda upya. Njia hii ina mpaka wake: kochi jekundu likigeuzwa buluu, wekundu uliokuwa umerukia sakafuni utabaki palepale, hivyo badiliko kubwa la rangi halina budi kurendwa upya.

Mstari_Wima

Nashukuru sana, ndugu zangu. Nimefungua faili la sebule ile, na lenzi ni ya milimita 17, huku kukiwa na taa tatu pana ambazo hazimo kwenye mchoro wowote. Nimezizima na kuweka lenzi ya 26. Picha sasa inafanana na chumba, lakini haivutii, na nahofia mteja ataenda kwa mtu mwingine anayemwonyesha ukumbi unaong'aa. Je, uzuri unarudi kwa njia gani bila kudanganya?

Fundi_Nuru

Hofu yako ni ya haki. Uzuri uutafute kwenye saa. Weka latitudo ya mahali jengo litakapokuwa na upande linakoelekea, kisha tembeza jua kuanzia asubuhi hadi jioni katika miezi tofauti, ukiangalia ni lini mwanga unaingia kwa mshazari na kulala juu ya sakafu. Karibu kila chumba chenye dirisha kina saa yake nzuri. Chagua hiyo, na chini ya picha andika mwezi na saa. Kisha toa picha ya pili ya usiku, yenye taa za mchoro wa umeme pekee, kwa kuwa sebule hutumika zaidi baada ya jua kuzama.

Pia usidharau vitu vidogo, kwani vinafanya kazi ambayo zile taa za uongo zilikuwa zikiifanya. Lainisha kingo za meza na kabati kwa milimita 2 au 3 ili zishike mstari wa mwanga, hakikisha kigae cha sentimita 60 kina sentimita 60 kwenye teksicha, na tofautisha mng'ao wa nyuso ili mbao isiakisi kama kioo. Unapoondoa chembechembe zinazobaki kwenye picha iliyorendwa, ipe programu ya kusafisha tabaka za rangi na za mwelekeo wa nyuso, la sivyo itafuta nyuzi za kitambaa na kuacha kochi kama plastiki. Na kama mteja atachapisha kwenye karatasi ya A3 kwa nukta 300 kwa inchi, renda kwa pikseli 4961 kwa 3508 tangu mwanzo. Nyuzi za kitambaa haziwezi kupatikana kwa kuikuza picha ndogo.