Naomba msaada: maandishi ya Kijapani kwenye jiko la umeme la wali

Mama Nuru: Habari za mchana wanajamvi. Anayejua Kijapani anisaidie. Nina jiko la umeme la kupikia wali, mtumba, limeshuka na kontena la Japani. Sufuria yake nzito, haijachubuka. Tatizo vitufe vimeandikwa kwao: 炊飯, 保温, 取消, 予約. Kipi cha kupikia? Nahitaji jibu leo leo, kabla ya futari.

Mzee wa Gerezani: Pole mama. Mimi gari yangu mwaka wa sita huu, kila nikiwasha asubuhi dada wa Kijapani ananisemesha. Mwanangu wa mwisho anamwiga neno kwa neno. Sijui anasema nini na gari inatembea.

Bahari Moja: Mzee, anakwambia hujaweka kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara za kasi kwao. Nimeishi Nagoya miaka mitatu, gari nyingi zinasema hivyo. Mama Nuru, 炊飯 ni kupika, 保温 kuuweka wali uwe wa moto, 取消 kuzima, 予約 kutega saa. Na mistari ya ndani ya sufuria inahesabu kikombe chao cha mililita 180, si kikombe cha chai. Ila geuza jiko usome kibandiko. Volti ngapi?

Mama Nuru: Ahsante mdogo wangu. Muuzaji alisema halina shida. Plagi ina meno mawili bapa, nimeinunulia adapta.

Fundi Sudi: Adapta inabadili meno tu, umeme unapita vilevile. Umeulizwa volti.

Mama Nuru: 100V, 50-60Hz, 680W. Pembeni pana 日本国内専用. Hilo 日本 nalijua, ni Japani, kwa hiyo ni orijino. Na kuna fundi mtaani ataniwekea transfoma, hilo tusilijadili.

Ukoko Mtamu: Mama zetu walipalia makaa juu ya kifuniko na wali ukaiva, tena na ukoko. Sisi tunahangaika na vitufe. Tumepotea.

Fundi Sudi: Tulijadili, dada. Umeme wetu ni volti 230. Volti zikizidi mara 2.3, nguvu inayovutwa inazidi mara tano na ushei. Hizo wati 680 zinakwenda karibu 3,600, na kitu lazima kiungue. Transfoma iwe ya kushusha kutoka 230 hadi 100, wati 1,000 kwenda juu. Ni dude zito, na bei yake yaweza kupita ya jiko. Ile ndogo ya redio haifai.

Kijana wa Pasua: Ngojeni kwanza. Mama hajui kitufe cha kupikia, lakini anaandika herufi za Kijapani bila kukosea? Uzi wa kutunga huu. Kesho mtaletewa namba ya muuza transfoma.

Ukoko Mtamu: Hata mimi nilishtuka.

Mama Nuru: Wallahi sijatunga. Nilipiga picha, simu ikanakili herufi, nikabandika hapa.

Kijana wa Pasua: Simu inayonakili inatafsiri pia. Hilo la 日本国内専用 ilikwambiaje?

Bahari Moja: Mama Nuru, upo?

Mama Nuru: Nipo. Ilisema "kwa matumizi ya ndani ya Japani tu." Tangu juzi. Nikajipa moyo kwamba ndivyo wanavyoandika kwenye vitu vyao vyote. Si jiko moja, ni saba. Nimenunua kwa mkopo wa kikundi, marejesho Jumamosi, nina watoto watatu. Moja nilimuuzia jana jirani, mama mtu mzima anayeishi na wajukuu. Ndiye aliyeuliza kitufe. Nilimwambia ni orijino ya Japani.

Bahari Moja: Amelichomeka?

Mama Nuru: Ananisubiri nimwambie cha kubonyeza. Mchele ameshauosha.

Fundi Sudi: Likichomekwa tu, hata kabla ya kubonyeza, saketi imeshapata 230. Mpigie sasa hivi.

Mama Nuru: Nimepiga mara tatu, haipokelewi. Natoka.

Mzee wa Gerezani: Mungu amtangulie. Nimeacha hata kula tende nasubiri.

Mama Nuru: Nimerudi. Lilikuwa mezani, plagi imeshaingia kwenye adapta, mjukuu ana mkono kwenye swichi ya ukutani. Nimelichomoa mwenyewe. Nimemweleza yote, nimemrudishia hela yake, akanipa uji nifuturu. Fundi, nikipata transfoma moja ya wati 1,000?

Fundi Sudi: Jiko moja kwa wakati mmoja. Na ukiuza, uza pamoja na transfoma yake.

Mama Nuru: Sawa. Nimechukua kalamu ya wino mzito, nimeandika juu ya kila kifuniko, yote saba: VOLTI 100, USICHOMEKE UKUTANI.