Naomba ushauri: shule ya mji wetu inataka kufungwa, na kikao ni cha Kiingereza pekee

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa wazazi mnaoishi vijijini, nawasalimu kwa heshima.

Tunaishi Iowa, katika wilaya ndogo ya shule za umma inayohudumia miji minne iliyotawanyika kati ya mashamba ya mahindi na soya. Kwa kuwa wanafunzi wamepungua, na fedha za jimbo hutolewa kwa kufuata idadi yao, bodi ya shule inakusudia kuifunga shule ya msingi ya hapa na kuwahamishia watoto mji mwingine, mwendo wa karibu saa nzima kwa basi. Mtoto wetu mdogo ana miaka sita.

Barua ililetwa kwa Kiingereza tu. Nilikwenda ofisini kuomba mkalimani wa Kiswahili kwa ajili ya kikao cha wazi, nikajibiwa, kwa upole kweli, kwamba binti yangu wa darasa la saba angeweza kunitafsiria. Sikuridhika, kwani mzigo wa wazazi haubebeshwi mtoto. Nafahamu kwamba Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazikataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na kwamba mwaka 1974 Mahakama ya Juu iliihusisha sheria hiyo na lugha.

Naomba kuuliza: ombi la mkalimani liandikwe vipi, na lipelekwe kwa mkuu wa wilaya ya shule au kwa bodi yenyewe? Pili, aliyewahi kumhamishia mtoto wilaya jirani, usafiri aliupataje?