Utepe wa majina unaosogea kwa habari za wanafunzi: tuanzie wapi?

Mlezi wa Chama, Kisumu

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mwalimu mlezi wa chama cha uanahabari katika shule ya upili iliyo nje kidogo ya mji wa Kisumu. Kila juma wanafunzi huandaa taarifa fupi ya video ambayo huonyeshwa kwenye ukumbi wa chakula, kisha hutumwa kwa wazazi kupitia WhatsApp. Picha hupigwa kwa simu na kuhaririwa katika maabara ya kompyuta ya shule.

Kinachotusumbua ni majina ya wanaohojiwa. Kwa sasa tunayaandika kwa rangi nyeupe chini ya picha, bila mandhari yoyote, na tulipokwenda Dunga kuzungumza na wavuvi, maandishi hayo yalimezwa kabisa na mng'ao wa ziwa. Wanafunzi wangependa utepe kama ule wa taarifa za runinga, unaoingia kutoka kushoto, ukatulia kiasi cha kusomeka, kisha ukaondoka. Ninaomba ushauri kuhusu programu isiyolipiwa inayofaa kazi hii, na zaidi ya hapo, namna ya kuunda utepe huo mara moja tu, ili kila juma tubadilishe jina na cheo bila kuanza upya.

Mhariri wa Video, Nakuru

Karibu, Mwalimu. Toleo lisilolipiwa la DaVinci Resolve linatosha kabisa. Ndani yake kuna zana ya maandishi iitwayo Text+, na sehemu ya Fusion ambamo unaweza kuunganisha kibao cha rangi, jina na cheo, ukavipa mwendo, kisha ukahifadhi vyote kama kiolezo kinachoonekana katika orodha ya maandishi kila unapofungua programu. Mwanafunzi atakivuta kwenye mstari wa muda na kujaza nafasi mbili tu.

Kabla ya mwendo, hata hivyo, tengenezeni utepe uliosimama ambao unasomeka. Tatizo lenu la Dunga halitaondolewa na mwendo, bali na kibao chenye rangi nzito nyuma ya herufi. Kipimo kinachotumika sana kwa maandishi ya kawaida ni kwamba tofauti ya mwangaza kati ya herufi na mandhari isipungue 4.5 kwa 1, na herufi nyeupe juu ya samawati iliyokolea hupita kiwango hicho kwa urahisi, iwe nyuma kuna ziwa, ukuta wa darasa au anga ya adhuhuri. Msikiache kibao kikawa chepesi mno, yaani cha kuonyesha yaliyo nyuma yake, kwa sababu tu kinapendeza.

Kuhusu mahali, ikiwa fremu yenu ni pikseli 1920 kwa 1080, acheni asilimia 5 kila upande, yaani pikseli 96 kushoto na kulia na pikseli 54 juu na chini, na maandishi yote yakae ndani ya mipaka hiyo. Binafsi hupandisha utepe juu zaidi ya hapo, kwa kuwa vitufe vya kicheza video kwenye simu hufunika ukingo wa chini mtazamaji anapogusa skrini.

Mwendo wenyewe uwe mfupi. Katika mradi wa fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 zinazofuatana kila sekunde, fremu 12 zinatosha kwa kuingia, yaani takriban nusu sekunde, na kutoka kunaweza kuwa kwa kasi zaidi. Jambo linalotofautisha kazi nadhifu na kazi ya pupa ni namna utepe unavyosimama: uingie kwa kasi, kisha upunguze mwendo kadiri unavyokaribia kituo chake, badala ya kugota ghafla. Kibao kitangulie, jina lifuate baada ya fremu tatu au nne, cheo kije mwisho. Kuzungusha herufi au kuzifanya zirukeruke ni kumpokonya mtazamaji usikivu ambao ulikuwa wa anayezungumza.

Mlezi wa Chama, Kisumu

Nashukuru sana. Nilipaswa kueleza mapema kwamba kompyuta zetu zina memori ya gigabaiti 4 na hazina kadi ya grafiki ya pekee. Je, Resolve itakubali?

Fundi wa Maabara, Kakamega

Mwalimu, kwa memori hiyo Resolve itawakatisha wanafunzi tamaa, maana watengenezaji wake hupendekeza gigabaiti 16, na sehemu ya Fusion huhitaji zaidi. Jaribuni Kdenlive. Ni programu huria isiyolipiwa, inafanya kazi kwenye Windows na Linux, na inaweza kuunda nakala nyepesi za klipu kwa ajili ya kuhariri tu, huku zile halisi zikitumika wakati wa kutoa video ya mwisho. Hata hivyo, msifungue kivinjari sambamba nayo, na video iwe ya 1080, si 4K, yaani ya picha kubwa zaidi, ambayo baadhi ya simu hurekodi siku hizi.

Kwa swali lako la kuunda mara moja, Kdenlive ina jibu ambalo wengi hawalijui. Katika dirisha la kutengeneza maandishi, chora kibao chako, kisha mahali pa jina andika alama %s peke yake na uhifadhi kazi hiyo kama kiolezo. Baadaye, ukiongeza kiolezo hicho kwenye mradi, utaandika jina katika sifa za klipu, nalo litachukua nafasi ya %s likiwa na fonti, ukubwa na rangi ulizochagua. Ningetengeneza violezo viwili, kimoja cha jina chenye kibao na kingine cha cheo kwa herufi ndogo zaidi, nikaviweka kwenye njia mbili za video zilizopandana. Mwendo wa kuingia kutoka kushoto unaongezwa kwa athari ya kubadilisha mkao: unaweka alama moja utepe ukiwa nje ya fremu na nyingine ukiwa mahali pake, na programu inajaza safari ya katikati.

Mkikwama kabisa, PowerPoint nayo huweza kusaidia. Tengenezeni slaidi yenye mandhari ya kijani kibichi, mhuisheni utepe juu yake, mtoe slaidi hiyo kama video, kisha muondoe kijani katika programu ya kuhariri. Sharti ni kwamba kibao kisiwe chepesi wala kisiwe na kivuli, na kiingie kwa kuteleza, si kwa kufifia, kwa sababu kila sehemu inayoonyesha nyuma yake itabeba rangi ya kijani, na mtapata ukingo mchafu usiofutika.

Na yeyote atakayewapa utepe uliokwisha kuhuishwa, mwombeni asiutoe kama MP4 ya kawaida ya H.264 (njia ya kubana video), kwani aina hiyo haihifadhi uwazi, yaani sehemu tupu zinazoacha video ya chini ionekane, na utepe utafika na mandhari meusi. Mfuatano wa picha za PNG, au faili ya video ya aina ya ProRes 4444, huhifadhi.

Mwandishi wa Habari, Bungoma

Wenzangu wamesema vyema kuhusu mitambo, nami naomba kugusa yaliyoandikwa ndani ya utepe, kwa maana huko ndiko malalamiko hutoka.

Kila anayehojiwa aandike jina lake mwenyewe kwenye daftari la mwanahabari kabla ya kamera kuwashwa. Katika sehemu zetu hizi, kuna anayeandika Ochieng' kwa ritifaa na kuna anayeiacha, na kila mmoja ana haki ya jina lake. Kisha itazameni ritifaa hiyo baada ya kuchapa, hasa katika majina kama Nyong'o, kwani programu nyingine huigeuza ikawa alama nyingine. Chagueni fonti yenye herufi nyingi, kwa mfano Noto Sans, ili siku mtakapomhoji mtu anayeandika jina lake kwa ũ au ĩ kusitokee kisanduku kitupu.

Vyeo virefu msivipunguze kwa kufinya herufi. "Mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi wa Ufuo wa Dunga" hakitoshi kwenye simu. "Mwenyekiti, Ufuo wa Dunga" kinatosha, na mengine yatasemwa na msomaji wa taarifa. Utepe uanze sekunde moja hivi baada ya mtu kuanza kuzungumza, na ukae muda wa kuwezesha kusoma jina na cheo mara mbili kwa sauti ya kawaida. Ni lazima uwe umeondoka kabla picha haijabadilika, la sivyo jina la chifu litaangukia uso wa mpishi.

Mwisho, Mwalimu, unapoweka jina kamili la mwanafunzi chini ya sura yake na kulituma nje ya shule, unashughulikia taarifa binafsi za mtoto, na kifungu cha 33 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kinadai idhini ya mzazi au mlezi. Fomu moja mwanzoni mwa mwaka itasaidia. Kwa wasio na idhini hiyo, kuondoa jina pekee hakutoshi, kwani sura nayo ni taarifa binafsi.

Mlezi wa Chama, Kisumu

Asanteni nyote; Kdenlive imekubali kufunguka kwenye kompyuta zetu. Swali la mwisho: kwenye projekta jina linaonekana vizuri, lakini wazazi wanasema kwenye simu ni dogo mno. Je, tutoe video mbili?

Mhariri wa Video, Nakuru

Hapana haja. Pimeni kwa skrini ndogo, nayo kubwa haitalalamika. Katika fremu ya 1080, jina liwe na urefu wa pikseli 60 hivi na cheo 42, tena kwa herufi nene kiasi, kwa kuwa WhatsApp hubana video na mistari myembamba ndiyo huharibika kwanza. Kabla ya kutuma kwa wazazi, mwanafunzi mmoja ajitumie video hiyo na kuitazama kwenye simu iliyoshikwa wima bila kuigeuza, kwani ndivyo wengi watakavyoitazama. Jina lisiposomeka hapo, ongezeni ukubwa kwenye kiolezo chenyewe, si kwenye klipu moja moja.