Kibali cha kisima cha maji ya chumvi: mwenye nyumba alipe?

Mwenye Kisima, Majengo
Assalaam alaykum. Wiki hii wamepita watu wawili na daftari mtaani kwetu hapa Mombasa, kila mwenye kisima wamemwambia ajiandikishe na atafute kibali. Kisima chetu alikichimba babu. Maji yake ni ya chumvi, hatuyanywi. Tunafulia, tunaoshea vyombo, tunamwaga chooni. Mfereji ukitoa leo, hujui utatoa tena lini. Je, ni haki nitozwe kwa maji ambayo hata chai hayapiki?

Fundi Pampu, Bombolulu
Kiwanja chako, maji si yako. Sheria ya Maji ya 2016 inasema maji yote, hata ya chini ya ardhi, serikali kuu imeyashika kwa amana ya wananchi. Na chumvi hiyo ina sababu. Hapa kwetu maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya mawe ya matumbawe. Hesabu ya wataalamu ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari imebebwa na mita 40 hivi chini yake. Ukiishusha ile moja kwa mota, bahari inapanda kukufuata. Kibali ndicho kinachosema uvute kiasi gani kwa siku. Basi wote wachukue: nyumba, hoteli, waosha magari, misikiti.

Bint Kibokoni
Misikiti imeingiaje hapa? Kisima cha msikiti ni wakfu. Aliyekitoa alikitoa kwa Mwenyezi Mungu, watu watawadhe na jirani achote bure. Mfereji ukikauka, sisi na majirani zetu Wakristo tunapanga foleni hapo hapo na ndoo. Leo uniambie imamu akajaze fomu?

Fundi Pampu, Bombolulu
Dada, sikutukana msikiti. Nimesema mota. Pampu ya msikitini na pampu ya hoteli zinavuta maji yale yale.

Bint Kibokoni
Hazivuti sawa, na wewe fundi unajua. Udhu wa watu mia na bwawa la kuogelea si kitu kimoja. Ungeanza na hoteli ningekusikiliza.

Mzee wa Kuze
Wanangu, chumvi haikuanza na mota. Hata Ngome ya Yesu, Wareno walichimba kisima maji yakatoka ya chumvi, yakawa ya kuoshea tu. Ndiyo maana mji huu unakunywa maji ya mbali: Mzima kule Tsavo, Marere, Tiwi, Baricho. Bomba la Mzima lina zaidi ya kilomita 200. Hao wanaotaka kibali watuletee maji kwanza.

Hamali, Mwembe Tayari
Mzee umesema kweli. Mimi nasukuma mkokoteni wa mitungi ya lita 20. Visima vikifungwa, bei mtaani itapanda na lawama nitabeba mimi. Watu wanatuita wanyonyaji, hawajui mwenye kisima naye ananitoza kila mtungi.

Mwenye Kisima, Majengo
Hamali, mimi sijamtoza mtu hata senti. Usituweke sote kapu moja.

Hamali, Mwembe Tayari
Sikukutaja wewe, kaka. Lakini wapo, na wana mota mbili mbili.

Mwanafunzi wa Sheria, Tudor
Kuna jambo mmelipita. Sheria hiyo hiyo inamwachilia anayechota maji ya nyumbani bila mtambo wowote. Ndoo na kamba hazifanani na pampu.

Fundi Pampu, Bombolulu
Na kisima chenyewe je? Kimechimbwa, kimejengewa ukuta. Si mtambo huo?

Mwanafunzi wa Sheria, Tudor
Hapo ndipo pa kubishania, na ndipo wale wa daftari walipaswa kumweleza mwenye nyumba kabla ya kumtisha. Hata anayetakiwa kibali hapimwi kama mwenzake. Matumizi yamepangwa kwa madaraja, A mpaka D, kulingana na madhara yake.

Bint Kibokoni
Wakfu uko daraja gani?

Muuguzi, Kisauni
Mnapigania chumvi, mimi naogopa kinyesi. Nyumba zimebanana, choo cha shimo huku, kisima kule. Tulifundishwa mita 30 kati yao, lakini matumbawe yana nyufa, uchafu unapita bila kuchujwa. Kipindupindu kikiingia, tunawapokea watoto wa nyumba zinazosema "hatuyanywi". Hamyanywi, lakini mnaoshea sahani na mnasukutulia mdomo. Kama kibali kitamfanya mtu apime maji yake, mimi nakitaka kesho.

Fundi Pampu, Bombolulu
Bi Muuguzi, hilo nakubali. Ila kibali kinaangalia kiasi kuliko usafi.

Muuguzi, Kisauni
Basi hakijatusaidia huku Kisauni.

Mwenye Kisima, Majengo
Nimetoka uani sasa hivi. Kutoka choo cha jirani mpaka kisimani kwetu ni hatua 11. Kisima ndicho kilichotangulia, choo kimejengwa juzi juzi. Sasa nani wa kuhama?

Bint Kibokoni
Choo, bila shaka. Na Fundi bado hajanijibu kuhusu wakfu.