Waya wa spika wa laki nne: ni sikio linalosikia au ni bei?

Fundi Mdogo
Wakuu, shemeji yangu kanunua waya wa spika kwa laki nne, mita tatu tu. Anaapa besi imenenepa na mwimbaji kasogea mbele. Nimekaa kiti cha pembeni yake, wimbo uleule, sikusikia kitu kipya. Dada yangu naye anasema sauti imekuwa kali, inamchoma. Watu watatu, sebule moja, majibu matatu. Nani anasikia kweli?

Binti wa Ilala
Bei ndiyo inayosikia. Watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walifanya jaribio, 1994: watu walisikiliza spika zilezile, mara wanaziona, mara ziko nyuma ya pazia. Alama zikabadilika, na wazoefu hawakusalimika. Tena wengi wanaotetea hizi waya wameshapita miaka 50. Umri huo sauti za juu, zile nyembamba kali, zimeanza kuondoka masikioni. Sasa huo "ung'avu" wanaousifia wanausikia kwa kiungo gani?

Mzee Mitambo
Binti, hapo umevuka mpaka. Nina miaka 63. Nimekuwa fundi mitambo wa bendi ya dansi miaka 22. Ukumbi umejaa, watu wanacheza, solo likilegea uzi mmoja namwonyesha mpigaji kwa kidole kabla wimbo haujaisha. Leo unaniambia sisikii?

Chale wa Tanga
Mwambie mzee! Hawa wenyewe wanashinda na hedifoni zimefunguliwa mpaka mwisho. Wakifika 40 tutakuwa tunawapigia kelele kama viziwi.

Binti wa Ilala
Shikamoo mzee. Sikusema husikii, nimesema sauti za juu. Mtoto anafika karibu hezi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, mtu wa miaka 60 hafiki huko. Ni maumbile, si tusi.

Jirani wa Mbagala
Lakini uzi mnene wa gitaa la besi unatoa kama hezi 41, na gitaa la solo likilegea huhitaji hezi 15,000 kulijua. Umri unakula juu, kazi ya mzee ilikuwa chini na katikati. Anajua asikilize nini, kijana wa miaka 18 hajui.

Nirudi kwenye waya. Mimi na kaka yangu tuligombana hivihivi, tukatundika kanga mbili mbele ya spika na amplifaya. Mimi nyuma ya kanga, yeye kwenye kochi. Nachomoa, nachomeka, nasema tayari. Mara nne sikugusa chochote, nilitikisa tu waya zilie. Mara zote nne akasema, "Hapo sasa, umeweka ule mzuri." Hakuwa anadanganya, nilimwona usoni. Alisikia kweli.

Na angalieni kitufe cha sauti. Ukubwa wa sauti ukipanda desibeli moja tu, yaani kidogo sana, mtu hasemi imepanda, anasema imependeza. Watafiti Fletcher na Munson walishaonyesha tangu 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi kwanza.

Santuri Daima
Hayo ni matatizo yenu watu wa dijitali. Aliyezoea santuri hadanganyiki.

Binti wa Ilala
Hadanganyiki? Mwaka 2022 ilijulikana kwamba Mobile Fidelity ya Marekani, kampuni iliyosifiwa kwa santuri za analojia tupu, tangu 2011 ilikuwa ikipitisha nyingi kwenye dijitali. Mashabiki walizisifu miaka yote hiyo.

Santuri Daima
Basi waliuziwa mbuzi kwenye gunia, na kosa ni la muuzaji! Unamcheka aliyeibiwa? Mimi nina santuri za marehemu baba. Naitoa kwenye ganda, napangusa vumbi, sindano inashuka, inakwaruza kidogo kabla ya gitaa kuingia, na hapo nakuwa nimekaa naye. Hilo utanipimia kwa hezi ngapi?

Binti wa Ilala
Hilo sikupingi, na wala simcheki mtu. Ila hicho unakipeleka wewe kwenye santuri. Mwingine akiisikiliza atasikia mikwaruzo.

Chale wa Tanga
Mikwaruzo? Unaongea hivyo kuhusu kumbukumbu ya marehemu?

Fundi Mdogo
Jamani, na waya?

Mzee Mitambo
Usiwe mwembamba mno, inatosha. Spika zake kaziweka wapi? Zikiwa kwenye kona besi itajaa hata kwa waya wa elfu tano. Azisogeze mbali na ukuta. Dada yako anachomwa na vigae na kuta tupu, watandike zulia, watundike pazia zito. Na hamkukaa kiti kimoja. Ukihama nusu mita besi inakuwa nyingine.

Ila Binti wa Ilala bado sijamsikia akiomba radhi kwa lile la miaka 50.

Binti wa Ilala
Nimekuamkia kwa heshima zote, mzee.

Mzee Mitambo
Marahaba. Nimeitika salamu, radhi bado naisubiri.